Maji Aliyoyakataa Bibi Yako

Mabira, Karagwe
Alasiri, kesho ukiwa safarini

Kokugonza mwanangu,

Umekwenda kuwaaga shangazi zako kule bondeni na nyumba imenyamaza. Nimeona niandike sasa hivi kabla hujarudi, maana ukinikalia mbele sitaweza kuyasema haya mpaka mwisho. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichofundishwa kuandikia. Kinyambo chetu nakiweka kwa ajili ya kesho, tutakapoagana barabarani.

Habari za blanketi, viatu na nauli nimekwisha kuzisema hata nimekuchosha. Sizirudii. Nataka kujibu lile swali lako.

Jumapili iliyopita tulikuwa kwenye kibanja, tunapogoa migomba, ukaniuliza: "Mama, huko hospitalini kwa masista ninakokwenda kujifunza uuguzi, wakipiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira, mimi nifanye nini?" Mimi nikakuambia ushike ndoo twende kisimani. Ulidhani nimekasirika, nikakuona unatembea nyuma yangu umeinamisha kichwa. Sikukasirika, mwanangu. Jibu fupi sikuwa nalo. Nilikuwa na jibu refu, na ndani yake yumo bibi yako Nyamwiza, na habari za bibi yako wewe unazijua nusu tu. Alipofariki ulikuwa bado unachunga ndama nyuma ya nyumba, na watu wazima hawakukueleza kwa nini baadaye mama yako alikuwa akikaa kwenye benchi la mwisho kanisani.

Mimi, kama unavyojua, si mzaliwa wa huku. Nilikulia upande wa Bukoba, na baba yangu alikuwa mwalimu wa kanisa. Kwetu sala zilikuwa asubuhi na jioni, na nyimbo nilizijua kabla sijajua kukoka moto. Baba alitufundisha kumpenda Mungu, na hilo namshukuru mpaka leo. Lakini pamoja na hilo nilijifunza jambo jingine ambalo sidhani kama alikusudia kunifundisha. Nilijifunza kuwaogopa watu wasiosali kama sisi, kama mtu anavyoogopa ugonjwa wa kuambukiza.

Basi nikaolewa na baba yako, kijana aliyebatizwa, mtu wa ng'ombe, mwenye sauti nzuri ya kuimba. Kwao wote walikuwa wamebatizwa isipokuwa mama yake. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kibanda kidogo cha nyasi, mtu mzima hawezi kusimama ndani yake. Humo ndimo bibi yako alimokuwa akiwahudumia mizimu ya ukoo wao na Wamara, mkuu wa mizimu yote ya huku, kama mama yake na nyanya yake walivyofanya. Mkononi alikuwa na bangili ya simbi, zile kauri ndogo nyeupe, hakuivua hata akilima. Watu walimjia kutoka mbali, wengine wakiwa Wakristo waliokuja kwa kujificha, lakini hayo ni ya kwao.

Siku ya kwanza asubuhi alinipa maziwa katika kibuyu kilichofukizwa vizuri. Nikakataa. Nilidhani ameanza kuwamwagia wazee wake waliokufa kidogo ndipo akaniletea mimi mabaki. Kesho yake nikakataa tena. Unazijua nyumba za wafugaji, mwanangu. Kukataa maziwa ya mama mkwe ni sawa na kusema hutaki kuwa mtu wa nyumba ile. Wifi zangu walianza kunong'ona juu yangu. Yeye hakunong'ona na mtu. Alikuja akaketi kando yangu kwenye majani, akanywa kidogo kutoka kibuyu kile kile, akafuta mdomo.

"Unaogopa nini, mwanangu?"

Nikamwambia ukweli, kwa sababu sikujua kudanganya vizuri.

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Haya yametoka kwa yule ng'ombe mwekundu pale," akasema. "Nimemkamua, nimekuletea. Siku nikitaka kuwapa wazee wangu nitawapa ya kwao, wala sitakuficha. Kunywa, umekonda."

Nikanywa. Nilikuwa na njaa kweli.

Urafiki wetu haukuanza siku ile. Ulianza siku uliyozaliwa.

Ule ulikuwa wakati wa ukame. Baba yako na ndugu zake walikuwa wamewahamisha ng'ombe kuelekea mtoni, nyumbani tulibaki wanawake. Uchungu ulinianza asubuhi, jua likapanda, likashuka, wewe hutaki kutoka. Bibi yako ndiye aliyekuwa mkunga wa eneo hili lote. Nilimwona anatoka nje, anaingia, anatoka tena. Mwishowe akapiga magoti kando ya mkeka wangu na kuniambia kwa sauti ya chini:

"Mtoto amekaa vibaya. Nitamgeuza kwa mikono, itauma. Kwa kawaida nikifanya kazi hii nawaita wazee wangu. Nisipowaita naogopa. Lakini tumbo ni lako. Niwaite?"

Fikiria, Kokugonza. Nilikuwa sina nguvu hata ya kushika kikombe. Angeweza kuwaita asiniulize, nami nisingejua. Nikasema, "Usiwaite, mama. Naogopa zaidi ukiwaita."

Kisha akavua ile bangili ya simbi, ambayo sikuwahi kuiona ikitoka mkononi mwake, akamwita wifi yangu na kumwambia aitoe nje aiweke kwenye kibanda. Akarudi kwangu.

"Haya, mwite wako. Mimi mikono ninayo."

Nami nikafungua mdomo nisali, sala ikakataa kuja. Mimi, mtoto wa mwalimu wa kanisa! Sala niliyoisema tangu utotoni ilikuwa imefutika kichwani, maumivu yamejaa mahali pake. Nikaanza kulia. Ndipo nikasikia sauti ya bibi yako, polepole, akisema, "Taata waitu..." Baba yetu. Alikuwa ametusikia mimi na baba yako tukiisema kila jioni, yeye akiwa upande wa pili wa ukuta akisuka vikapu vyake. Alinianzishia. Akafika "jina lako," akaacha, akaniangalia.

"Endelea," akasema. "Haya si yangu, ni yako."

Nikaendelea. Naye akaanza kukugeuza. Nililia, nikasali, nikalia, na jua lilipokuwa linagusa migomba wewe ukatoka, umevimba uso, una hasira. Yeye akakuinua na kusema, "Huyu atakuwa mkaidi." Kisha akaenda kuvaa bangili yake.

Nimeyatafakari mambo yale miaka yote hii. Mwanamke yule hakuiamini sala yangu. Alinianzishia kama mtu anavyomwokotea mwenzake jembe lililoanguka. Wala hakujifanya kuiamini ili anifurahishe. Alijua vizuri chake ni kipi na changu ni kipi, na kwa kuwa alijua, hakuogopa kunishikia changu.

Baada ya hapo tulikaa vizuri. Si kwamba tuliacha kubishana, tulibishana sana. Nilitamani abatizwe, nilitamani kama mtu mwenye kiu. Usije ukamsikia mtu akisema mama yako aliona dini zote ni kitu kimoja. Sikuona hivyo, wala leo sioni hivyo. Naamini kwamba Yesu ni Bwana, na ningetaka kila ninayempenda amjue. Nilimwambia hivyo waziwazi tukimenya ndizi. Naye alikuwa akinijibu waziwazi pia.

"Mungu wako ana watu wengi," aliniambia siku moja. "Kila ukipita barabarani unakutana na watu wake. Wazee wangu wamebaki na mimi. Nikiwaacha, nani atawataja majina?"

"Lakini mama, mimi nataka tuwe pamoja hata baada ya kufa."

Akasema, "Hilo ni neno zuri. Asante." Akaendelea kumenya.

Sikukuu ya Noeli alikuwa akija mpaka mlangoni mwa kanisa, anaketi nje kwenye nyasi kusikiliza nyimbo. Aliponiona nimemwona alinipungia mkono kama mtoto. Hakuingia hata mara moja.

Halafu ikaja ile miaka ya uamsho, walipopita wahubiri wakilia na kuimba, watu wakaungama mbele ya watu, wakachoma hirizi na vitu vingine. Moto ule ulimshika baba yako. Mengi mema yalitoka humo: aliacha pombe kabisa, na akaenda kumwomba radhi ndugu yake waliyegombana naye kwa ajili ya malisho. Lakini jioni moja alirudi nyumbani ameshika kijinga cha moto, anakwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Nikamfuata mbio.

"Baba Kokugonza, unakwenda kuchoma nini?"

"Kile kibanda. Kinaniaibisha mbele ya Mungu."

"Wahubiri walisema tuchome vya kwetu. Kile si chako."

Alisimama. Bibi yako alikuwa ameketi mlangoni mwa kibanda chake, mikono magotini, anamtazama mwanawe. Sijui wangetazamana hivyo mpaka lini. Mwishowe baba yako alikirudisha kijinga jikoni. Hakulala vizuri wiki ile, nami najua kwa nini. Alimpenda mama yake, na aliambiwa kwamba mama yake anaangamia. Ukiyaamini hayo mawili kwa pamoja, unaweza kufanya lolote.

Nakueleza haya ili usimhukumu baba yako kwa yale ninayokwenda kuandika sasa.

Bibi yako aliugua wakati wa mvua. Kifua kilimbana, miguu ikavimba, na kila siku alikuwa akila kidogo kuliko jana. Siku moja mchana tulikuwa wawili tu, namkanda miguu kwa samli, akaniambia funga mlango. Nikafunga.

"Nikizidiwa, Rwekaza atamleta mwinjilisti," alisema. Rwekaza ni baba yako, lakini nilikuwa sijamsikia siku nyingi akimtaja jina hivyo. "Atataka wanimwagie maji nikiwa sijitambui. Usikubali."

Nikaacha kumkanda.

"Mama, kwa nini unaniambia mimi? Unajua mimi ndiye ninayetamani maji hayo kuliko wote."

"Ndiyo maana nakuambia wewe. Ningemwambia mtu asiyejali, angenyamaza wakija. Wewe unajua ni kitu kikubwa." Alipumzika kupata pumzi. "Nikiwa na akili zangu umeniomba mara nyingi, nimekataa. Nami ningeweza kukubali, hukunifunga kamba. Basi msije mkanichukua nimelala."

Nililia, Kokugonza. Nikamwambia, "Hata leo nakuomba tena."

"Na leo nakataa tena," akasema, akanipapasa kichwa. "Umeniomba vizuri. Endelea kukanda, mguu wa kushoto unauma."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho ya maana. Baada ya hapo alianza kuchanganya majina, kisha akanyamaza kabisa, akawa anahema tu.

Baba yako alimwita mwinjilisti Zakaria, yule aliyekufundisha kusoma, pamoja na wazee wa kanisa. Walikuja mchana kukiwa na mvua, wakaacha majani ya migomba waliyojifunikia pale mlangoni. Wifi yangu akaleta maji katika bakuli jeupe. Zakaria alifungua kitabu chake. Mimi nilikuwa nimeketi kitandani karibu na kichwa cha bibi yako. Nikasimama, nikawasalimu, kisha nikawaambia yale aliyoniambia, neno kwa neno, kama nilivyokuandikia hapa.

Zakaria hakuwa mtu mbaya, kumbuka hilo. Alisema kwa upole, "Mama Kokugonza, mgonjwa husema mengi."

"Alisema akiwa na akili timamu. Na amesema hivyo hivyo miaka yote, wewe mwenyewe umemsikia."

"Tunabatiza watoto wachanga. Wao wanajua nini?"

"Mtoto hajakataa, mwalimu. Huyu amekataa."

Mzee mmoja akaanza kunikemea, kwamba nasimama kati ya roho ya mtu na wokovu wake, na kwamba damu yake itadaiwa kwangu. Na mimi niliogopa jambo hilo hilo. Usidhani nilisimama pale kama shujaa. Ndani yangu kulikuwa na sauti inayosema, waache, ni matone machache tu, nani atajua, na wewe utampata mama yako mbinguni. Nilikuwa nataka kuwapisha. Lakini kila nikitaka kusogea namwona akivua bangili yake siku ile ya kuzaliwa kwako.

Nikasema, "Kama Mungu anamtaka, anamjua kwa jina. Hana haja tumwibie."

Ndipo baba yako akachukua lile bakuli mwenyewe. Machozi yalikuwa yakimtiririka, hata hayafuti. Alikuja mpaka nilipo, na mimi nikajua siwezi kumzuia. Ni mtu mwenye nguvu, na yule alikuwa mama yake, si wangu. Hakunisukuma. Aliuliza tu:

"Alisema hivyo kweli? Usinidanganye."

"Alisema. Nikamwomba tena siku hiyo hiyo, akakataa tena."

Alisimama na bakuli lake. Mvua ilikuwa inapiga juu ya nyasi za paa, nasikia pumzi ya bibi yako na pumzi ya baba yako. Kisha akapiga magoti, akachukua kitambaa kilichokuwa begani mwangu, akakichovya ndani ya yale maji, akaanza kumfuta mama yake uso. Paji la uso, macho, mashavu, pembeni mwa mdomo palipokauka. Alimfuta polepole kama anavyofutwa mtoto aliyelala. Hakusema neno lolote la kitabu. Alisema tu, "Mama. Mama. Ni mimi."

Zakaria alifunga kitabu chake. Kwa heshima yake nasema hili: alipiga magoti naye, akaomba kimoyomoyo. Wazee wengine waliondoka kwenye mvua ile ile.

Alfajiri bibi yako akatuacha.

Walikuja rafiki zake wa zamani kumzika kwa taratibu zao. Baba yako aliwaruhusu, akamzika mama yake kwenye kibanja chake mwenyewe, kati ya migomba aliyoipanda. Sikuimba nyimbo zao, sikushika vitu vyao, wala walipokuwa wakiita majina ya wazee sikuitikia. Lakini sikuondoka. Nilipika. Niliwapikia hao na niliwapikia Wakristo waliokuja kuhani, nikawapitishia wote kahawa za kutafuna kwenye kikapu kimoja. Walipomaliza yao na kwenda kukaa kivulini, mimi na baba yako tukasimama kaburini tukaimba wimbo mmoja wa kwetu. Yule kikongwe aliyewaongoza wenzake alinyamaza mpaka tulipomaliza, halafu akatuambia, "Alizipenda hizo."

Kanisani wazee waliamua nisishiriki Meza ya Bwana mpaka mchungaji atakapokuja kutoka mjini. Njia zilikuwa mbaya, naye alichelewa sana kuja. Jumapili baada ya Jumapili nilikaa kwenye benchi la mwisho, na wakati wa Meza nilitoka nje pamoja na watoto. Iliniuma. Sikufichi kwamba iliniuma.

Wakati ule mama Rozalia, mke wa yule mfanyabiashara kutoka Muleba anayenunua ngozi pale sokoni, alikuja kunitembelea. Unamjua, Mkatoliki wa kweli kweli, rozari haimtoki. Alikaa jikoni kwangu, akaniambia, "Njoo kwetu. Padri wetu atakupokea, wewe si mtenda dhambi." Alinionea huruma kwa dhati. Nami nilikuwa na hasira na wazee wale kiasi kwamba nilifikiria, kwa nini nisiende?

Nikamwambia, "Mama Rozalia, nikija kwenu leo nitakuwa nawakimbia wazee. Sitakuwa nimemfuata Mungu. Nikija kwa hasira, nitaondoka kwa hasira pia. Acha nikae kwenye benchi langu."

Hakukasirika. Alisema, "Basi nitakuwa nakuja hapa." Akawa anakuja siku za Jumatano, anakaa pale kwenye kigoda, anapitisha punje zake za rozari, mimi nasoma Zaburi kando yake. Hakunipa punje, wala mimi sikumpa kitabu. Tukimaliza tunachekana kwa sababu chungu kimeungua. Imani yangu haikupungua kwa kumsikia akimwomba Maria. Nakwambia kweli, ilikua, kwa sababu nililazimika kujiuliza mimi mwenyewe naomba nini.

Mchungaji alipokuja alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Ulikataa kwa kuudharau ubatizo?"

Nikasema, "Hapana, baba. Ningeudharau, ningewaacha wafanye."

Aliinamisha kichwa. Jumapili ile nilishika kikombe kwa mikono miwili, nikiogopa kumwaga. Zakaria ndiye aliyenisogezea.

Sasa narudi kwa masista wako.

Wakipiga magoti, wewe simama kwa adabu, au keti, fumba macho, umwombe Mungu wako kwa maneno yako. Usigunegune, usitazame sanamu yao kama unatazama mdoli. Mtu amemwaga machozi mbele yake. Lakini na wewe usipige magoti ili sista akupende, au upewe zamu nyepesi, au wasichana wenzako wasikuone mshamba. Wakikuuliza, sema, "Mimi ni Mlutheri, nimelelewa hivi," halafu uendelee kukunja mashuka vizuri. Wakikueleza mambo yao, sikiliza mpaka mwisho kabla hujajibu. Mimi nilichelewa kujifunza kusikiliza mpaka mwisho, nikapoteza maziwa mengi mazuri.

Watakuja Waislamu pia kwenye wodi yako, wake wa wafanyabiashara wa pale mjini. Mmoja wao akikuomba maji ya kutawadha, mpe maji safi na umshike mkono asianguke. Watakuja akina mama wenye simbi mikononi, wamezificha chini ya kanga kwa kuwaogopa masista. Usiwavue kwa nguvu. Na siku moja utamshika mkono mtu anayekata roho, na pembeni yako kutakuwa na mtu mwenye imani njema na haraka kubwa. Sikwambii la kufanya siku hiyo. Nakuomba tu uwe umemwuliza mgonjwa mapema, akingali anaweza kukujibu.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo gumu kwangu kuliko yote. Huenda huko moyo wako ukageuka. Kuishi na watu wema hugeuza mioyo. Ikiwa hivyo, usifanye kwa hofu, wala kwa ajili ya mwanamume, wala kwa ajili ya cheo. Kaa na neno hilo mpaka likue au life. Likikua, niandikie wewe mwenyewe, nisisikie kwa watu sokoni. Nitalia, sikudanganyi. Nitakuomba ufikiri tena, kama nilivyomwomba bibi yako. Na ukijibu kama alivyojibu yeye, nitakuandalia kitanda kile kile ukija likizo.

Mama Rozalia aliwahi kuniuliza, "Unadhani mama mkwe wako yuko wapi?" Nikamjibu kwamba sijui. Kila jioni namtaja mbele za Mungu, ingawa kwetu wanasema wafu hawaombewi. Namwambia Mungu tu kwamba yule mama alinianzishia sala nilipokuwa siwezi, na sidhani kama amesahau.

Nilipofika hapa baba yako aliingia kutoka malishoni. Akaniuliza naandika nini kirefu hivi, nikamwambia ni barua yako. Akataka nimsomee. Nikasoma tangu mwanzo, naye ameegemea nguzo. Nilipofika pale alipokuwa anamfuta mama yake uso, aliinua mkono nisiendelee, akatoka kwenda kukamua. Amekaa huko muda mrefu, nadhani ng'ombe wamekamuliwa hata wakashangaa.

Amerudi sasa hivi, ananawa mikono. Amesema hivi, nami namwandikia kama alivyosema: "Mwambie kesho pale barabarani wazee wakiniona ninalia watasema nalia kwa sababu nimempeleka mtoto kwa Waroma. Mwambie asiwasikilize. Mwambie nalia kwa sababu ni binti yangu, na lori linakwenda mbali."

Mimi mama yako,
Mama Kokugonza